Kofia ya Mzamiaji wa Ujiji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hidaya aligeuza dagaa. Mama yake aliwaanika juu ya chanja za nyavu karibu na ufuko wa Ujiji, na kama hujawahi kugeuza dagaa usidhani ni mchezo. Unapitisha vidole chini yao polepole, unawageuza bila kuwavunja, huku jicho moja likiwalinda na kunguru. Akimaliza alinawa kwa sabuni na ndimu, akavaa sare, akampitia rafiki yake Merina, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Hidaya alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alikuwa mwepesi wa mikono, na mwepesi wa mdomo pia. Mikono ilimpa sifa. Mdomo ulimpa kazi ya kujieleza.

Jumatatu moja Mwalimu Samson aliingia darasani akitabasamu mpaka wanafunzi wakatazamana. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, na furaha ikimzidi alisahau Kiswahili.

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Ndiyo, ndiyo. Tumekubaliwa. Wiki ya tatu kuanzia hii, siku ya Jumamosi, tunaingia kwenye mashindano ya maigizo ya shule za msingi, mjini Kigoma. Washindi wanapanda treni kwenda Tabora."

Darasa lilivuma kama mzinga wa nyuki. Karibu wote walikuwa wameiona treni ikiondoka stesheni ya Kigoma. Waliokuwa wameipanda hawakufika watano.

Mwalimu aliwaeleza igizo alilotunga. Lilihusu meli iliyozamishwa ziwani zamani za vita, na wazamiaji walioshuka chini majini kuifunga minyororo ili ivutwe juu. Akawaonyesha picha kwenye simu yake. Mzamiaji wa enzi hizo alivaa kofia kubwa ya shaba, mviringo kama mtungi, yenye madirisha ya kioo na bomba la kupitishia hewa.

"Kofia ndiyo igizo," alisema Mwalimu. "Bila kofia, ni mtu tu anatembea jukwaani. Na sikilizeni kanuni ya tatu ya mashindano. Kila kifaa kitengenezwe na wanafunzi wenyewe, kwa vitu vya bei ndogo. Shule ikileta kitu cha kununua au cha kuazima, inaondolewa. Haya, nani anataka kuwa mzamiaji?"

Mikono miwili ilipanda. Mmoja wa Hidaya, mwingine wa Bariki, mvulana mrefu kuliko wote na mtani wa darasa zima.

"Mzamiaji msichana?" Bariki aliuliza.

"Nikishavaa kofia, wewe utajua ni nani yumo ndani?"

Darasa lilicheka, Mwalimu naye. "Basi. Atakayeleta kofia inayofaa ndiye mzamiaji."

Siku hiyo Hidaya alirudi nyumbani akikimbia. Hakuwa na hela ya kununua chochote, lakini nyuma ya jiko kulikuwa na mtungi wa zamani uliopasuka mdomo, na mtungi ukiupindua, kitako chake ni kichwa cha mzamiaji kabisa. Aliomba magazeti ya kufungia vitumbua kwa muuza vitumbua wa jirani. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo kuwa gundi. Karatasi zisigande kwenye mtungi, aliupaka kwanza mawese, kwa kuwa mama yake aliuza mawese na makombo yake hayakosekani kwenye dumu. Akabandika tabaka juu ya tabaka. Zilipokauka, ganda lilichomoka lenyewe, laini na la mviringo. Chini yake aliunga boksi la sabuni ili kofia ifike mabegani.

Hapo Hidaya akafanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtoto wa Kigoma tu. Alitazama ganda lake la kijivu, akatazama mawese yaliyobaki kwenye kopo, mekundu, yanang'aa juani kama shaba mpya. Akachovya kitambaa, akapaka kofia nzima. Ilipendeza mno. Aliipaka mara ya pili.

Ijumaa alikwenda nayo mazoezini. Ilikuwa saa saba mchana na jua la uwanjani lilikuwa halina huruma. Bariki alikuwa ameleta ndoo aliyoipaka rangi ya fedha na kuitoboa macho mawili. Wanafunzi walipoiona kofia ya Hidaya, ndoo ilisahaulika mara moja.

Hidaya aliivaa, akaanza kutembea kama mtu aliye chini ya maji. Hatua ya kumi, alihisi kitu cha vuguvugu kinamtiririka shingoni. Hatua ya ishirini, paji la uso lililowa. Boksi la sabuni likalainika, likakunjika, na kofia nzima ikamshukia mpaka kifuani. Alipoivua, uso ulikuwa mwekundu na shati jeupe lina michirizi ya manjano kuanzia kola hadi mkanda. Nzi walishafika.

"Jamani leteni sufuria," Bariki alisema. "Mawese tayari, dagaa wako kwao Hidaya. Mboga imeiva."

Hata Merina alicheka, akaziba mdomo amechelewa. Kuanzia dakika hiyo Hidaya akaitwa Mzamiaji wa Mawese. Mwalimu Samson hakucheka, ila alisema neno lililomchoma zaidi. "Hidaya, nakupa mpaka Jumatatu ya wiki ya mashindano. Ikishindikana, tutatumia ndoo."

Alipotoka shuleni hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ufukoni, kofia mkononi, akainua mkono kuitupa ziwani.

"Usinichafulie maji kwa mafuta yako," sauti ilisema. "Dagaa wenyewe wana mafuta ya kutosha."

Alikuwa Bi Mwanvua. Kila mtu ufukoni alimjua, kwa sababu mitumbwi mingi ya pale ilikuwa na mwandiko wake. Aliandika majina na namba za mitumbwi kwa brashi, akiwa amekaa kwenye kreti la soda, kanga imefungwa kiunoni, na rangi za kila aina kwenye vidole.

"Shikamoo, Bi Mwanvua."

"Marahaba. Lete nione hicho unachokitupa." Aliipokea, akaigeuza, akainusa. "Nani kakufundisha kujenga mviringo huu?"

"Hakuna. Nilitumia mtungi."

"Mikono unayo. Akili umeiacha kwenye dumu la mawese. Mafuta yamekusaidia ndani, ukadhani yatakusaidia na nje. Karatasi inayanywa, halafu inalainika kama mkate kwenye chai. Na juu ya mafuta hakuna rangi inayoshika. Mimi mtumbwi wowote, kabla sijapaka, nasugua mafuta yote kwanza." Alimrudishia. "Hii haiponi. Anza upya. Safari hii mtungi uufunge kwa jani la mgomba lililopashwa moto likalegea. Karatasi haitaganda, na mafuta hayatakuwepo. Ikikauka, niletee."

"Sina hela ya rangi, Bi."

"Nani kakutajia hela? Chini ya kila kopo langu kuna rangi ya kijiko kimoja. Utaikwangua mwenyewe, na utaniosha brashi wiki nzima."

Hidaya alianza upya kesho yake, Jumamosi. Magazeti ya muuza vitumbua yalikuwa yamekwisha. Alitumia mfuko wa karatasi wa saruji, akatumia kalenda ya mwaka uliopita, na bado lilibaki pengo upande wa kola, pale kofia inapokaa mabegani. Alifungua begi lake la shule. Katikati ya daftari kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo kwa siku kumi hakutaka kuiona. Ulikuwa mtihani wake wa hisabati. Kumi na moja kwa hamsini, kwa wino mwekundu. Mama alipouliza, Hidaya alimjibu, "Bado hawajarudisha."

Aliikunjua, akaipaka gundi, akaibandika kwenye kola. Juu yake akabandika kipande cha mfuko wa saruji, halafu kingine. Alijisikia mwepesi. Nani angeitafuta humo?

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Kila jioni, baada ya kuosha brashi, Bi Mwanvua alimpa somo moja. Siku ya kwanza alimwekea mkononi koki ya zamani ya shaba iliyotolewa kwenye bomba bovu.

"Itazame. Usiniambie ni ya kahawia. Tazama vizuri."

Hidaya aliitazama. "Hapa pa kushikia panang'aa."

"Kwa nini?"

"Mikono ya watu imeisugua."

"Na huku kwenye mikunjo?"

"Kuna ukungu wa kijani."

"Hapo ndipo maji yalipolala. Kitu hakizeeki kila mahali sawasawa. Kinazeeka kufuatana na kazi yake. Ukijua kofia yako ilishikwa wapi na maji yalilala wapi, utaizeesha mpaka mwenyewe uiogope."

Basi wakaizeesha. Kwanza rangi ya chini, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Ilipokauka, manjano iliyochanganywa na kahawia, ikigongwagongwa kwa kipande cha godoro ili isitoke laini. Vizibo vya soda vikawa nati za kukazia madirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa vitako vya chupa za maji, vimezungushiwa kamba iliyopakwa gundi. Bi Mwanvua alichanganya bluu iliyobaki kwenye jina la mtumbwi mmoja na chaki nyeupe, ikatoka kijani cha ukungu. Hidaya aliipaka kuzunguka kila kizibo, akaifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, ikabaki kwenye mikunjo tu. Akanyunyiza mchanga wa ufukoni kwenye gundi mbichi upande mmoja, pale ambapo kofia ingelala chini ya ziwa. Mwisho alisugua vumbi la mkaa, na kwenye kingo akagusa manjano safi kwa ncha ya kidole, mahali ambapo mikono ya mzamiaji ingeshika kila siku.

"Ni nyepesi," Hidaya alilalamika alipoijaribu. "Natembea kama kuku."

Bi Mwanvua aliingiza mkono kwenye kapu la takataka za wavuvi, akatoa chubwi sita, vile vyuma vya risasi vinavyozamisha nyavu. Wakavifunga ndani ya kola na kuvifunika kwa kipande cha kanga kuukuu kilichozunguka ndani yote. Hidaya aliivaa tena. Sasa hatua zilikuwa nzito zenyewe, na vyuma viligongana polepole, ngo, ngo. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu waliacha kazi wakamtazama.

"Hiyo mmeiopoa wapi?" mmoja aliuliza.

Hidaya alihisi moyo unampaa. Hakuna sifa aliyowahi kupewa iliyoifikia hiyo.

Jumatatu aliipeleka shuleni imefungwa kwenye kanga. Alipoifungua, darasa zima liliizunguka. Bariki, ambaye tayari alikuwa amefungua mdomo kwa utani, aliufunga.

"Wewe hukutengeneza hii," alisema. "Hii ya kale, jamani. Tazameni ukungu. Umeitoa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa tayari, nalo lilikuwa jibu zuri. Lakini Hidaya aliyatazama macho yale, macho ya watu waliomwita Mzamiaji wa Mawese, akaona ukweli ni mdogo. Mdomo ukawahi.

"Ilikuwa ya babu yake babu yangu," alisema. "Alikuwa mzamiaji kweli. Ilikaa chini ya kitanda cha bibi miaka yote. Msiiguse sana, itamong'onyoka."

"Babu yake babu?" Merina alimshika mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa siri ya ukoo."

Bariki aliiinua kidogo, akaiona nzito, akaiweka chini kwa mikono miwili kama mtu anayeweka yai.

Mchana Mwalimu Samson aliikagua na kuuliza, "Umetengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu. Bi Mwanvua alinifundisha."

"Ego," alisema Mwalimu, akampa nafasi ya mzamiaji papo hapo.

Hivyo Hidaya akawa na habari mbili, ya Mwalimu na ya wanafunzi. Alidhani zinaweza kuishi bila kukutana. Ile ya wanafunzi ilikua kila siku. Jumanne babu alipata jina. Jumatano alipigana na mamba. Alhamisi Merina alikwenda mjini kumsalimia binamu yake Jean, anayesoma shule nyingine iliyokuwamo kwenye mashindano, akamsimulia yote, mamba na kila kitu, kwa sababu alijivunia rafiki yake.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wengine wakakaa madirishani. Mama yake Hidaya alifunga meza yake ya sokoni mapema, akavaa gauni la sikukuu, akakaa safu ya tatu.

Na igizo likaenda kama lilivyoombewa. Taa za ukumbi zilizimwa. Kitambaa cha bluu kilitikiswa na wanafunzi wanane kuwa maji. Merina, nahodha wa meli, alipiga kengele. Kisha zikasikika hatua, ngo, ngo, na mzamiaji akatokea akivuta bomba la hewa nyuma yake. Mtoto mdogo wa mbele akamkimbilia mama yake. Hidaya, ndani ya kofia, alisikia pumzi yake mwenyewe na nyuma yake ukumbi mzima umetulia. Alipofunga mnyororo wa mwisho na meli ya maboksi ikapanda polepole kutoka kwenye kitambaa cha bluu, watu walisimama wakapiga makofi na vigelegele.

"Tabora," Bariki alinong'ona nyuma ya pazia. Alikuwa mmoja wa wavuta minyororo, na jasho lilikuwa linamtoka. "Nawaambia, Tabora hiyoo."

Lakini majaji hawakutangaza. Waliinamiana kwa muda mrefu, kisha kiongozi wao, Madamu Recho, mama mnene mwenye miwani, akawaita jukwaani mbele ya watu wote.

"Tumepata malalamiko kutoka shule nyingine," alisema. "Wanasema kofia hii ni ya kale, mali ya ukoo wa mwanafunzi. Kanuni ya tatu mnaijua."

"Si kweli, Madamu," alisema Mwalimu Samson. "Mwanafunzi wangu ameitengeneza kwa mikono yake."

"Wanafunzi wako ndio wanaosema. Wewe nahodha, njoo. Unaitwa nani?"

"Merina."

"Kofia hii ilitoka wapi, Merina? Sema kweli."

Merina hakusita. "Ilikuwa ya babu yake babu yake Hidaya. Alikuwa mzamiaji. Mimi ni rafiki yake, aliniambia mwenyewe." Halafu akaona uso wa Mwalimu, akaona watu wananong'ona. "Haki ya Mungu, Madamu. Sisemi uongo."

Hidaya aliwaza haraka. Angenyamaza, shule ingeondolewa, na treni ingekwenda na wengine. Angesema Merina amekosea, Merina angeonekana mwongo mbele ya ukumbi mzima, naye ndiye pekee aliyesema alichokijua.

"Merina hakudanganya," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mimi ndiye nilimdanganya, siku ya Jumatatu. Hakuna babu mzamiaji. Nilitengeneza mwenyewe, kwa karatasi na unga wa muhogo."

Merina aligeuka akamtazama.

Madamu Recho alivua miwani. "Siku ya Jumatatu ulisema ni ya babu. Leo unasema ni ya muhogo. Nikuamini wewe wa Jumatatu au wewe wa leo?"

"Kuna Bi Mwanvua, Madamu. Ndiye alinifundisha. Mpigieni simu."

"Na wa kwenye simu ni mtu wenu." Aliinua kofia, ikagonga, ngo, akaitua. "Nzito. Mimi siwezi kuikwangua. Kama ni ya kale kweli nami nikaiharibu, nitajibu nini?"

Hidaya alijua la kufanya. Alijua pia kilichokuwamo kwenye kola, na kwamba mama yake yupo safu ya tatu. Aliitazama kofia yake. Kila kizibo alikipaka ukungu kwa mkono. Wiki nzima ya jioni ilikuwa pale, na nyingine kama hiyo hangeipata kesho.

"Naomba kisu," alisema.

Mwalimu Samson alimpa kiwembe cha kuchongea penseli. Hidaya aliishika kofia kati ya magoti, akakata kola kutoka chini kwenda juu, kisha akavuta kwa mikono miwili. Ilipasuka kwa sauti kavu. Chubwi ziliporomoka sakafuni moja moja. Rangi ikabanduka na mchanga wake, chini yake karatasi ya saruji, chini yake tena karatasi nyeupe yenye mistari, na juu ya hiyo nyeupe, wino mwekundu.

Madamu Recho aliinama, akaisoma kwa sauti, kama walimu wote wasomavyo. "Mtihani wa hisabati. Darasa la sita. Jina, Hidaya Ismaili. Alama," akasita kidogo, "kumi na moja kwa hamsini. Tarehe ya mwezi huu."

Ukumbi uliangua kicheko, kikaanzia nyuma kikafika mbele. Hidaya alitamani ziwa lile la kitambaa liwe la kweli.

"Basi hakuna babu aliyefanya mtihani huu," alisema Madamu Recho, naye akijizuia. "Kofia ni yako, binti. Na hesabu pia ni zako."

Majaji waliinamiana tena, mara hii kwa muda mfupi. Shule yao ilitangazwa ya kwanza. Bariki alirukaruka mpaka kitambaa cha bluu kikamfunga miguu akaanguka. Katikati ya kelele hizo Madamu Recho aliongeza sharti moja. Safari ilikuwa baada ya wiki mbili, na mzamiaji hangeweza kupanda jukwaa la Tabora na kofia iliyopasuka.

Mama alimngoja mlangoni. Hidaya alitegemea maneno mengi. Mama alisema machache.

"Bado hawajarudisha, eti?"

"Nisamehe, mama."

"Nilikuona ukiomba kisu, nikajua hiki kitoto kinaweza kusema kweli kikitaka. Kuanzia kesho, hesabu kwanza, gundi baadaye. Nitakaa na wewe, hata kama mimi mwenyewe niliishia la nne."

Kwa Merina ilikuwa ngumu zaidi. Alitembea mbele hatua kumi mpaka nyumba yao ilipoonekana, ndipo akasimama.

"Niliapa," alisema. "Mbele ya watu wote wale. Niliapa kwa ajili ya mamba wako."

"Najua. Nilitaka mnione mkubwa."

"Nilishakuona mkubwa hata kabla ya babu." Merina alipangusa macho kwa mkono wa shati la unahodha. "Kofia ya pili tunatengeneza wote. Na vizibo nabandika mimi."

Jumapili walikwenda wote wawili kwa Bi Mwanvua na vipande vya kofia kwenye kanga, na zile chubwi sita. Alikuwa anaandika namba kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Ujiji habari hazingoji. Alimalizia namba yake kwanza, akaweka brashi ndani ya kopo.

"Kaeni hapo," alisema. "Nimefanya kazi ya rangi miaka ishirini. Nimefanya mbao mbovu zionekane nzima, na wewe nimekufundisha kufanya karatasi mpya ionekane chuma cha kale. Kwenye jukwaa huo si uongo, Hidaya. Watu wamekuja wakijua wataona igizo, wamekubali wenyewe kuaminishwa mpaka pazia lifungwe. Lakini pazia likishafungwa, mtu akakuuliza, hapo unamjibu kweli. Rafiki yako hakuwa mtazamaji. Alikuwa rafiki, akakuamini."

Hidaya aliinamisha kichwa.

"Na jambo lingine. Watu walishangaa wakidhani babu yako aliivaa. Hukuwapa nafasi ya kushangaa kwamba wewe umeitengeneza. Umewaficha kitu kikubwa ukawapa kidogo. Anayefanya kazi nzuri hana haja ya kuiongezea chumvi. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Bi."

"Haya. Nendeni mkalete majani ya mgomba. Na brashi zangu zinangoja kuoshwa, safari hii ni mikono minne."

Siku ya safari, stesheni ya Kigoma ilijaa mizigo na kelele. Wanafunzi walisimama wamevaa sare, kila mmoja na kifaa chake. Hidaya alikuwa ameishika kofia mpya kifuani. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Ukungu wake ulikuwa na kijani cha aina mbili, na vizibo vya Merina vilikuwa vimenyooka kama vya fundi.

Baba mmoja mwenye begi la safari alisimama, akainama kuitazama. "Aisee. Hii ya zamani sana. Mmeipata wapi?"

Merina alimtazama Hidaya. Bariki alimtazama Hidaya.

"Magazeti, unga wa muhogo na vizibo vya soda, baba," Hidaya alisema. "Tumeitengeneza wenyewe."

"Usinitanie, mwanangu. Mimi nakijua chuma cha zamani."

Hidaya aliipindua kofia. Ndani, safari hii, hawakufunika kote kwa kanga. Waliacha kidirisha kidogo, upana wa kiganja, na hapo zilionekana herufi za gazeti, na juu yake majina mawili kwa mwandiko wa Bi Mwanvua wa kuandikia mitumbwi: HIDAYA NA MERINA, UJIJI.

Yule baba alisoma, akagusa karatasi kwa kidole, akasahau begi lake chini. Treni ilipiga honi naye bado anatikisa kichwa kwa mshangao. Hidaya alipanda ngazi za behewa akiwa na kofia yake nzito mkononi, na moyo wake ulimpaa kuliko siku ile ufukoni.